Inhela ya kahawia: mwongozo kamili wa kutumia dawa ya steroidi ya kuvuta

Kusi linapoanza kuvuma, mvua za masika zikanyesha na kuta za nyumba za Majengo zikaota kuvu, dukani kwetu huingia wateja wa namna moja, wenye pumu. Mtu husimama kaunta mabega yamepanda, anasema maneno mawili kisha anatafuta pumzi. "Daktari, nipe ile inhela ya buluu." (Mimi ni mfamasia, si daktari, lakini Mombasa anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa ni daktari tu, nimeshazoea.) Namuuliza, na ile ya kahawia iko wapi? Jibu huwa moja kati ya matatu: iliisha, haikufanya kazi, au niliambiwa ukiizoea ile huiachi tena.

Ile ya kahawia ndiyo dawa yenyewe. Ya buluu hukufungulia mlango ukiwa umeshafungiwa. Ya kahawia huzuia mlango usijifunge. Nimelieleza jambo hili mara nyingi mno nikiwa nimesimama, foleni nyuma ya mgonjwa ikinung'unika, hata nikaona bora niliandike lote nikiwa nimekaa.

Zitenganishe inhela zako kwanza

Chukua kila inhela iliyomo nyumbani, uzipange mezani, usome majina. Usitegemee rangi peke yake. Mimi mwenyewe nasema "buluu" na "kahawia" kwa sababu ndivyo wateja wanavyozijua, lakini kila kiwanda hupaka kinavyotaka. Nimeshaona za steroidi zilizo nyekundu, za zambarau na za chungwa. Jina halidanganyi. Salbutamol, ile ninayoiita buluu, ni ya kufungua kifua. Beclometasone, budesonide na fluticasone ni steroidi, zile ninazoziita kahawia. Ukiona majina mawili kwenye boksi moja, kwa mfano budesonide na formoterol, au fluticasone na salmeterol, hiyo ni steroidi iliyochanganywa na dawa ya kufungua inayodumu muda mrefu.

Tofauti ya kazi zao iko hivi. Mtu mwenye pumu ana uvimbe ndani ya mirija ya hewa, na uvimbe huo upo hata siku anayopanda ngazi mbilimbili na kucheka. Ukiguswa na vumbi, moshi au mafua, misuli inayozunguka mirija hukaza, ukuta huvimba zaidi, balghamu hujaa, ndipo kifua huanza kupiga miluzi. Salbutamol hulegeza ile misuli kwa dakika chache, na nguvu yake hukaa kama saa 4 hadi 6. Uvimbe haiugusi. Steroidi hutuliza uvimbe wenyewe, polepole. Wengi huanza kuona nafuu ndani ya wiki 1 au 2, na faida yake kamili huweza kuchukua hata miezi 3. Hapo ndipo wateja wangu wanapoiacha: wameivuta Jumatatu, Jumatano hawajaona kitu, Alhamisi iko kwenye droo pamoja na betri zilizokufa.

Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule wa GINA, umekataa mtu mzima au kijana wa kuanzia miaka 12 atibiwe pumu kwa salbutamol peke yake. Sababu ni kwamba anayeimaliza buluu tatu au zaidi kwa mwaka yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya, na anayefikia moja kila mwezi hatari yake ya kufa inapanda. Kuna wateja wangu wanaonunua mbili kwa mwezi. Hao siwauzii kimyakimya. Huwakalisha kwenye benchi la dukani, watake wasitake.

Jambo moja la kuwa makini nalo: ile yenye budesonide na formoterol, daktari anaweza kukuandikia uitumie kila siku na pia uivute pale unapobanwa, kwa sababu formoterol hufanya kazi upesi. Ile yenye salmeterol usiitumie hivyo, kwani huchelewa. Kama umepewa ya kwanza, mwambie daktari akuandikie kwenye kadi kiwango cha mwisho kwa siku.

Hilo neno steroidi

Shangazi mmoja wa Kibokoni alinirudishia inhela ya kijana wake siku ileile aliyoinunua. Alikuwa amesoma karatasi ya ndani. "Mwanangu si mbeba vyuma," akaniambia. Nilimwelewa. Steroidi za wabeba vyuma ni za jamii ya homoni za kiume na hazina uhusiano na hizi. Za kwetu zimetokana na homoni ya kortisoli, ambayo mwili wenyewe huitengeneza kila alfajiri juu ya figo.

Lakini ipo hofu nyingine yenye mashiko zaidi: vidonge. Watu wamemwona jirani aliyemeza prednisolone kwa miezi, uso ukamjaa kama mwezi, sukari ikapanda, mifupa ikawa myepesi. Ni kweli, vidonge hivyo vikimezwa muda mrefu hufanya hayo yote. Kidonge kimoja kidogo cha prednisolone kina miligramu 5, yaani mikrogramu 5,000, na hupita tumboni kisha kikazunguka mwili mzima. Mpulizo mmoja wa inhela mara nyingi una mikrogramu 50, 100 au 200, na unapelekwa palepale penye uvimbe. Si dawa moja, kwa hivyo usizilinganishe namba kwa namba, ila ujue tu kwamba tunazungumzia vipimo vilivyo mbalimbali mno. Na anayeiogopa inhela akaiacha ndiye mara nyingi huishia kwenye vidonge, kila akibanwa, mara nne au tano kwa mwaka. Huo ndio mzunguko unaomfikisha kwenye uso wa mwezi.

Haizoeleki kama unavyozoeleka ugoro. Ukiiacha ghafla, kinachorudi ni ugonjwa wako uleule, ambao ulikuwa umetulizwa.

Kabla ya mpulizo wa kwanza

Hakikisha ni pumu. Kikohozi kilichozidi wiki 2 kipimwe kifua kikuu kwanza, na vituo vya serikali hupima na kutibu TB bila malipo. Ukiweza kupata kile kipimo cha kupuliza kwenye mashine, nenda ukapulize. Kinatofautisha pumu na ule ugonjwa sugu wa mapafu ambao kwenye kadi huandikwa COPD. Huo huwapata zaidi wavutaji sigara wa miaka mingi na wale waliopikia kuni katika jiko lisilo na dirisha, na wengine ambao TB iliwaachia makovu.

Mwenye COPD asome mwongozo huu kwa jicho lingine. Kwake steroidi ya kuvuta si dawa ya kwanza, wala haitumiki peke yake. Huongezwa juu ya dawa za kufungua zinazodumu, hasa kwa mtu anayezidiwa mara kwa mara na ambaye kipimo cha damu kinaonyesha chembe nyeupe ziitwazo eosinofili ni nyingi, na ina gharama yake: huongeza uwezekano wa kupata nimonia. Mzee mwenye COPD akipata homa na makohozi yakabadilika rangi, asisubiri hadi Jumatatu.

Mwambie anayekuandikia dawa kila unachomeza. La muhimu kuliko yote ni ARV, yaani dawa za VVU, zenye ritonavir. Ritonavir huzuia ini lisivunje fluticasone na budesonide, steroidi ikarundikana mwilini kana kwamba unameza vidonge. Kwa kawaida beclometasone ndiyo huchaguliwa hapo. Najua watu hawapendi kulitaja jambo hili kaunta mbele ya foleni. Omba uzungumze pembeni, au andika kwenye karatasi unipe. Baadhi ya dawa za fangasi za kumeza nazo zina tabia hiyohiyo.

Mja mzito asiache. Nasema hivi kwa sababu mama wakwe wa mji huu wana sauti kubwa katika miezi ile tisa. Mama akikosa hewa, mtoto naye anaikosa. Steroidi ya kuvuta imetumiwa na wajawazito wengi na budesonide ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Anayenyonyesha pia aendelee.

Namna ya kuvuta inhela ya kupuliza

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo dawa inapopotelea. Huwa naomba mteja anivutie mbele yangu, naye hukasirika kidogo: nimeitumia miaka kumi, utanifundisha nini? Kisha anabonyeza, na wingu jeupe linatoka puani. Hiyo dawa ameipa hewa ya Mwembe Tayari.

1. Toa kifuniko, chungulia ndani ya mdomo wa inhela. Inayobebwa mfukoni au kwenye kibeti hukusanya vitu: sarafu ya shilingi, ganda la peremende, na mara moja mende.

2. Itikise vizuri, mara tano au sita. Dawa na gesi hutengana zikikaa. Kama ni mpya, au imekaa siku kadhaa bila kutumika, puliza hewani mara chache kwanza. Karatasi ya boksi itakwambia ngapi.

3. Simama au kaa wima, kidevu kimeinuka kidogo. Usivute umelala.

4. Toa pumzi taratibu mpaka mapafu yawe matupu kwa kiasi unachoweza. Hatua hii karibu kila mtu anairuka, na bila hiyo huna nafasi ya kuvutia.

5. Weka mdomo wa inhela katikati ya meno, midomo ifunge pande zote, ulimi uwe chini. Anza kuvuta pumzi polepole kwa mdomo, na papo hapo bonyeza kopo mara moja. Pumzi ianze, kidole kifuate. Ukibonyeza kabla, dawa inapiga koo. Ukichelewa, pumzi imeshakwisha.

6. Endelea kuvuta kwa upole kama sekunde 3 hadi 5, kama mtu anayenusa biriani ya jirani bila kutaka ajulikane. Ukivuta kwa nguvu, dawa yote inagonga nyuma ya koo.

7. Toa inhela mdomoni, funga mdomo, zuia pumzi sekunde 10 au kadiri unavyoweza. Kisha toa taratibu.

8. Kama umeandikiwa mipulizo miwili, subiri nusu dakika hadi dakika moja, tikisa tena, urudie. Usibonyeze mara mbili kwa pumzi moja.

9. Sukutua kwa maji, yafike kooni, uteme. Usimeze.

Ukitumia buluu na kahawia kwa wakati mmoja, anza na buluu, subiri dakika chache, kisha ya kahawia; njia ikishafunguka dawa inafika mbali zaidi. Lakini kama hujabanwa, huna haja ya buluu kabla ya kahawia.

Spesa, na chupa ya maji

Ile hatua ya 5 ni ngumu, na kwa mtoto au mzee mwenye vidole vya baridi yabisi haiwezekani kabisa. Ndiyo maana ipo spesa, lile bomba la plastiki linalokaa kati ya inhela na mdomo. Unabonyeza mara moja ndani yake, kisha unavuta pumzi moja ndefu ya polepole na kuizuia, au unapumua kawaida mara 4 hadi 6. Kinachobaki kwenye kuta za bomba ni kile ambacho kingebaki kooni mwako. Kwa steroidi napendekeza spesa kwa kila mtu, hata kijana mwenye mikono imara, kwa sababu inapunguza fangasi ya mdomoni na sauti kukauka.

Ya dukani ni ghali kwa wengi. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walichapisha jaribio la kutumia chupa ya plastiki ya nusu lita kama spesa kwa watoto waliobanwa na pumu wakivutishwa dawa ya kufungua, na ikafanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Ioshe chupa, iache ikauke, weka mdomo wa inhela kwenye kitako chake uuchore kwa kalamu, kisha toboa tundu la umbo hilohilo kwa waya uliochomwa moto. Inhela iingie ikiwa imebana. Penye mwanya ziba kwa gundi. Mdomo wa chupa ndio unaoingia kinywani. Kabla ya siku ya kwanza puliza dawa ndani yake mara kadhaa ili kuta zisiikamate tena. Chupa haina vali, kile kilango cha kuzuia pumzi isirudi, basi mtoto apumue ndani yake taratibu bila kuitoa mdomoni. Hata hivyo steroidi ni ya kila siku na ya miaka. Ukipata uwezo, nunua spesa halisi. Mtoto aliye chini ya miaka 4 anahitaji yenye barakoa, ishike uso bila mwanya, na baada ya dawa mpanguse uso kwa kitambaa chenye maji. Mtoto anayelia havuti dawa vizuri. Mbembeleze kwanza.

Osha spesa kila wiki kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisha iache ichuruzike ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa: kusugua plastiki huiwekea chaji ya umeme ambayo hunasa dawa kama kitana kinavyonasa vikaratasi.

Inhela za unga

Hizi zinafuata kanuni kinyume, na mtu aliyehamishwa kutoka moja kwenda nyingine bila kuelezwa hupotea. Za unga hutikisi. Unaiandaa kama karatasi inavyoelekeza (kuzungusha kitako, kusukuma mkono wake, au kutoboa kapsuli), unageuza uso pembeni kutoa pumzi ili usipulizie ndani yake, kisha unavuta kwa nguvu na kwa haraka tangu mwanzo, kwa kuwa pumzi yako ndiyo inayoinua unga. Kapsuli haimezwi. Nilishaletewa boksi tupu na mzee aliyekuwa amezimeza zote 30 kwa maji ya moto, na bado kifua kinalia.

Adui wa unga ni unyevu, na sisi tunaishi ndani ya unyevu. Kapsuli ikae kwenye pakiti yake hadi dakika ya kuitumia. Usiweke inhela ya unga bafuni, wala usiioshe kwa maji. Ipanguse kwa kitambaa kikavu.

Wakati gani, na utakumbukaje

Nyingi huvutwa asubuhi na usiku, baadhi mara moja kwa siku. Dawa inayosahaulika ni ile isiyofungwa kwenye jambo unalolifanya tayari. Kwa wengi jambo hilo ni mswaki: vuta, kisha piga mswaki, kusukutua kumo humohumo. Kwa anayeswali nina njia ninayoipenda zaidi. Vuta kabla ya kutawadha Alfajiri na kabla ya kutawadha Isha. Udhu una kusukutua ndani yake. Ongeza tu maji yafike kooni. Inhela ikae kwenye kabati ya chumbani.

Ramadhani haibadilishi kitu kwa steroidi ya mara mbili: moja baada ya futari au ukirudi tarawehe, nyingine wakati wa daku kabla ya adhana. Kuhusu buluu mchana, wanazuoni wametofautiana kama inafunguza. Muulize sheikh wako mapema, Shaabani, usingoje kifua kimebana. Lakini ukibanwa, ivute. Mgonjwa amepewa ruhusa na kuna siku za kulipa. Kilichonihuzunisha zaidi ya yote katika kazi hii ni kijana aliyeletwa kwangu saa 10 jioni midomo imebadilika rangi, inhela iko mfukoni, anangoja Magharibi.

Madhara unayoweza kuyaona

Utando mweupe kwenye ulimi au kooni ni fangasi. Unatibika kwa dawa ya kupaka au ya kusukutua, na huzuiwa na spesa na kusukutua. Sauti kukwaruza huwapata hasa walimu, waadhini na makanga wa matatu. Kwa dozi kubwa ya miaka mingi, ngozi huweza kuchubuka kirahisi, mtoto wa jicho kujitokeza mapema na mifupa kupungua uzito, ndiyo maana daktari hutafuta dozi ndogo inayotosha. Mtoto huweza kuwa mfupi kwa kiasi cha sentimita 1 hivi kuliko ambavyo angekuwa. Wazazi hunikazia macho nikitaja hili, na ni haki yao. Nami huwauliza: huyu mtoto amekosa shule siku ngapi muhula huu, na usiku analala?

Hesabu, joto na kuelea

Inhela nyingi za beclometasone zina mipulizo 200. Mipulizo miwili asubuhi na miwili usiku ni 4 kwa siku, basi kopo ni la siku 50. Andika kwa kalamu ya wino mzito tarehe ya kuanza na tarehe ya siku ya 50 kwenye ganda lake. Kama ina kidirisha cha namba, hesabu imekwisha. Kulitumbukiza kopo ndani ya maji uone kama linaelea, ambako watu bado wanafundishana, hakukwambii chochote cha kuaminika, na kulitikisa vilevile: gesi hubaki ikisikika baada ya dawa kwisha.

Maboksi mengi husema ihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Februari na Machi hapa chumba chenyewe kinapita hapo, basi tafuta pahali penye kivuli na upepo. Usiiache kwenye dashibodi ya gari wala chini ya kioo cha tuktuk. Kopo lina shinikizo na linaweza kupasuka.

Nyumba zetu

Steroidi haishindani na chetezo kinachofuka chumbani usiku kucha. Napenda udi kama mtu mwingine yeyote wa Mji wa Kale, lakini mwenye pumu asifukiziwe, na nguo zake zifukizwe ua wa nyuma zikapoe kabla ya kuvaliwa. Dawa ya mbu ya kuwasha ibadilishwe kwa chandarua. Mito na magodoro ya sufi hufuga vumbi na wadudu wake. Yatolewe juani, au mwenye pumu apewe ya sponji yenye foronya ya kubana. Kuvu la masika lisuguliwe ukutani na dirisha lifunguliwe kaskazi likivuma. Jiko la makaa likae nje, hata siku ya mahamri. Paka ni suala gumu katika mitaa ile, kwa kuwa si paka wa mtu. Walau wasilale kitandani.

Sigara sina cha kuongeza. Shisha ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017, na bado nasikia harufu yake kila Ijumaa.

Kila baada ya miezi mitatu

Jiulize kuhusu wiki 4 zilizopita. Je, kifua kilinisumbua mchana zaidi ya mara 2 kwa wiki? Niliamshwa nacho usiku hata mara moja? Nilihitaji buluu zaidi ya mara 2 kwa wiki? Kuna kazi au mchezo nilioacha kwa ajili yake? Ukijibu "hapana" zote kwa miezi 3, daktari anaweza kupunguza dozi hatua kwa hatua. Apunguze yeye. Ukijibu "ndiyo" mbili tatu, usikimbilie kuomba dawa kali zaidi kabla mtu hajakutazama ukivuta.

Siku ya kuzidiwa

Kama huwezi kumaliza sentensi, mbavu na shingo zinavutwa ndani, midomo inageuka rangi, au buluu haikai hata saa chache, hiyo ni hospitali sasa hivi. Kaa wima, usilale. Buluu kwa spesa, mpulizo mmoja kila baada ya pumzi 4 hadi 6, hata ifike mipulizo 10, huku wengine wanatafuta gari. Anayeishi Likoni asipange safari yake kwa kutegemea feri itakuwa upande gani. Ajue kituo cha upande wake kilicho wazi usiku. Ya kahawia haimwokoi mtu dakika ile, lakini ukitoka hospitali usiiache, kwa kuwa wiki zinazofuata ndizo mtu hubanwa tena.

Na siku ya kliniki, beba inhela zako zote kwenye mfuko, na spesa, na hata zilizokwisha. Kabla hujaandikiwa chochote sema: "Daktari, hebu nitazame nikivuta." Akisema hana muda, pita dukani nitakutazama mimi. Benchi lipo.